Tuandikieni kibali cha kilohezi nane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi mstaafu wa kusuka mota, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Nimefanya kazi miaka 31 katika karakana ya shamba la mkonge, na hadi leo jirani akiunguza mota ya pampu huja kwangu. Nina leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya mtu anayerusha mawimbi kwa kupenda na si kwa biashara, na alama yangu ya wito, jina langu la hewani, inaanza na 5H kama ya mwenzangu yeyote wa nchi hii. Nakuandikia kwa sababu chini ya meza yangu kuna koili niliyoimaliza kusuka mwezi Machi, na mpaka leo haijapitishiwa umeme hata wa sekunde moja. Koili haina kasoro. Kinachokosekana ni karatasi ya kuniruhusu.

Nieleze kwanza jambo lenyewe, maana nimegundua kwamba nikitaja masafa tu, watu wananyamaza na kuangalia saa.

Nataka kurusha mawimbi kwenye kilohezi 8.27, yaani mitetemo 8,270 kwa sekunde. Redio ya FM unayosikiliza kwenye daladala iko kwenye megahezi 90 na kitu, na wimbi lake moja lina urefu wa mita tatu na ushee. Wimbi la kilohezi 8.27 lina urefu wa kilomita 36. Likianzia hapa bandarini, linaishia Muheza, na hilo ni wimbi moja tu. Antena nzuri huwa na urefu wa robo ya wimbi, na robo ya hili ni kilomita tisa: uchukue mlima Kilimanjaro, kisha juu yake uweke nusu ya mwingine. Mimi nina waya wa mita 12 ulioning'inia kwenye mnazi, kule Mwambani kwenye kiwanja alichotuachia marehemu mama, na pale juu umetawanywa nyaya nyingine kama mbavu za mwavuli.

Antena fupi namna hiyo ni kama mtu anayepiga makasia kwa kijiko cha chai. Nimepiga hesabu na kuirudia. Hata nikiupandisha waya ule hadi volti 10,000, kitakachotoka na kwenda hewani kwa mawimbi ni kama maikrowati nne, yaani sehemu nne za milioni za wati moja. Balbu ndogo ya tochi inatumia nguvu nyingi zaidi ya hiyo mara maelfu kwa maelfu. Sehemu kubwa ya umeme nitakaoutia itaishia kuwa joto kwenye koili na ardhini. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani naomba kujenga kituo.

Koili sasa. Waya wangu pale mnazini una uwezo wa kuhifadhi chaji wa pikofaradi kama 300, na ili uitikie masafa hayo unahitaji koili ya henri 1.2, henri ikiwa ndicho kipimo cha koili. Fundi redio akisoma hapo atasimama, maana koili za redio tulizozizoea ni za maikrohenri, sehemu za milioni za henri, unaishika kwa vidole viwili. Hii yangu imesukwa juu ya ndoo ya plastiki ya lita 20, mizunguko zaidi ya 2,700, waya mwembamba wa shaba wa kusukia mota, ule wa nusu milimita kasoro kidogo. Umekwenda waya wa zaidi ya kilomita mbili. Sikuusuka tabaka juu ya tabaka kutoka mwanzo wa ndoo hadi mwisho, kwa sababu volti zingerukiana kati ya tabaka na kuichoma koili usiku wa kwanza. Nimeugawa vyumba, kila chumba kimejaa ndipo naingia kingine, na kati yake nimeweka karatasi ngumu ya insulesheni ile tunayoweka kwenye mifereji ya mota, kisha vanishi, kisha jua siku tatu. Kazi hiyo ilinichukua Januari yote na Februari. Hesabu ya mizunguko niliiandika kwa chaki ukutani, mistari mitano mitano, na mke wangu hajaifuta.

Mtambo wa kurushia si kitu cha ajabu. Masafa ya kilohezi nane ni ya chini kiasi kwamba ampa ya muziki, hii ya harusini, inayafikia. Ukiyatia kwenye spika utasikia mlio mwembamba kama wa mbu. Tofauti ni kwamba mimi sitayatia kwenye spika, nitayapitisha kwenye transfoma, koili, waya wa mnazini na ethi.

Na nitasema nini hewani? Nitasema kwa Morse, zile herufi za nukta na vistari, polepole sana. Mjomba wangu alikuwa stesheni ya reli akipiga telegramu, ndiye aliyenifundisha Morse nikiwa mtoto, kwa kugonga kijiko mezani tukisubiri futari. Yeye alikuwa na kasi, mkono hauonekani. Katika masafa ya chini sana mambo ni kinyume: kadiri unavyokwenda taratibu ndivyo kompyuta ya anayepokea inavyoweza kukuchambua kutoka kwenye kelele za radi za dunia nzima. Nukta moja nimepanga iwe dakika moja, na kistari dakika tatu. Kwa mwendo huo neno TANGA peke yake linachukua dakika 39. Mwalimu mmoja wa fizikia huko Muheza amekubali kukaa na wanafunzi wake kulipokea, herufi baada ya herufi, mstari ukijichora kwenye skrini.

Ndugu Mhariri, kupokea tumeshaanza, na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Kupokea hakuhitaji vitu vingi. Kadi ya sauti ya kompyuta ya kawaida inasoma masafa mpaka karibu kilohezi 24, kwa hiyo waya, transista moja ya kupokelea, na kompyuta mpakato vinatosha. Tatizo ni nyaya za umeme wa majumbani. Hapa Ngamiani ukiwasha kipokezi unasikia mngurumo wa hezi 50 na watoto wake wote, yaani 100, 150 na kuendelea, huna unachoambulia. Umeme ukikatika mtaa mzima ghafla kunafunguka, kama mtu amefungua dirisha. Ndiyo maana nilihamia Mwambani, ambako kwenye kiwanja chetu nguzo hazijafika, nikitumia betri ya gari.

Usiku kule unasikia radi. Sisemi ngurumo, nasema radi yenyewe kwenye redio: kila mmweko mahali popote Afrika unatoa mlio. Mchana ni kama mafuta ya mandazi yanapoanza kupata moto, tik, tik, trrr. Likishazama jua, baadhi ya milio inabadilika inakuwa na mkia, pyuu, pyuu, kama ndege mdogo. Hiyo ni kwa sababu mawimbi yanasafiri kati ya ardhi na tabaka la hewa lenye umeme, ionosfia, ambalo mchana liko kama kilomita 70 juu na usiku linapanda hadi karibu 90. Sauti zinagongagonga kati ya sakafu na dari hiyo, zile za chini zinachelewa, ndipo mkia unapotokea. Kila ninayemvalisha vile vya masikioni akasikia mikia ile kwa mara ya kwanza, hunyamaza. Shemeji yangu, mvuvi, mtu wa maneno mengi, alikaa nusu saa bila kusema, kisha akaniuliza, "Na hii ilikuwepo siku zote?" Nikamwambia ilikuwepo kabla ya Adamu.

Juu ya milio hiyo, kwenye skrini, kuna mistari ya vituo vikubwa vya majeshi ya majini, vinavyozungumza na nyambizi, maana mawimbi haya ndiyo yanayoweza kupenya maji ya chumvi mita kadhaa. India iko kwenye kilohezi 18.2. Australia, kituo cha North West Cape, iko kwenye 19.8 na nguvu yake ni megawati moja. Wanayosema hatuyaelewi wala hatuna haja nayo. Tunachopima ni ukubwa wa mlio wao, kwa sababu umevuka Bahari ya Hindi yote chini ya dari lile na unatuletea habari zake.

Nitoe mfano mmoja tu. Ijumaa ya 10 Mei 2024, wiki moja baada ya kimbunga Hidaya, niliacha kompyuta ikirekodi kule shambani nikaja mjini kuswali. Jioni mjukuu wangu wa kidato cha tatu akawa anaangalia mchoro wa siku. Akaniita, "Babu, njoo uone, Australia imeruka." Mstari wa 19.8 ulikuwa umetulia asubuhi yote, kisha karibu na saa nne ukapanda kama mtu aliyestuka, ukashuka taratibu kwa muda mrefu. Kijana akaingia kwenye intaneti, akakuta kwamba muda huohuo jua lilikuwa limelipuka, mlipuko wa daraja X, daraja la juu kabisa. Mionzi yake ilifika kwetu kwa dakika nane na kulikandamiza lile dari la ionosfia, ndipo mlio wa Australia ukabadilika. Usiku ule nchi nyingi za mbali na ikweta watu walitoka nje kuona mbingu nyekundu. Sisi Tanga hatukuona rangi yoyote angani, ila mlipuko wa asubuhi tulikuwa nao kwenye mstari, umepimwa kwa waya wa shaba na mnazi wa marehemu mama. Tangu siku hiyo mtoto anataka kusoma fizikia. Sikumshawishi.

Sasa kuhusu kibali. Nilikwenda katika ofisi moja, ambayo siitaji kwa kuwa waliokuwa pale walinipokea kwa heshima na wakanipa kiti. Nikaeleza. Kijana aliyekuwa zamu akatafuta kwenye orodha yake ya masafa, akasema, "Mzee, orodha inaanza juu ya hapo. Hii yako haipo." Nikamwambia ndiyo, haipo, na ndiyo sababu nimekuja. Akaenda akarudi na fomu ya redio ya utangazaji. Ilikuwa inataka jina la studio, majina ya wahariri, na ratiba ya vipindi ya wiki. Nikakaa nikaisoma yote, nikamrudishia. Nimekwenda mara tatu. Mara ya mwisho nikaambiwa kwamba kama haipo kwenye orodha basi huenda haikatazwi, nirushe tu. Hilo nimelikataa. Mtu mwenye leseni harushi kwa "huenda". Kesho akija mwingine kwenye kiti kile na kusema imekatazwa, mitambo yangu itachukuliwa, na mwalimu wa Muheza ataulizwa alikuwa anawafundisha nini watoto wa watu.

Yule kijana hakukosea kuhusu orodha. Jedwali la masafa la Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, linaanzia kilohezi 8.3. Mwaka 2012, kwenye mkutano wa dunia wa redio, kipande cha 8.3 hadi 11.3 kilipewa huduma za hali ya hewa, wale wanaotega radi ili kujua dhoruba ziko wapi. Nimechagua 8.27 makusudi, ili niwe chini ya mpaka wao na nisiwaguse. Chini ya hapo hakuna aliyegawiwa.

Wenzetu walifanyaje? Uingereza, mamlaka yao inayoitwa Ofcom ilitoa vibali maalumu kwa wanaredio wa ridhaa mmoja mmoja waliotaka kujaribu chini ya kilohezi 9. Kabla ya hapo, mwaka 1996, nchi hiyohiyo iliwafungulia kipande kidogo cha kilohezi 73 kwa majaribio, kikafungwa 2003 baada ya wao kuhamia kilohezi 136. Mwaka 2007 dunia nzima ilikubali wanaredio wa ridhaa wapewe kilohezi 135.7 hadi 137.8, kwa wati moja ya kutoka hewani. Marekani ilianza na leseni ya majaribio ya kikundi mwaka 2006, karibu na kilohezi 500. Mwaka 2012 dunia ikatenga 472 hadi 479. Na mwaka 2017 Marekani ikawafungulia wanaredio wake vipande vyote viwili. Mambo yote hayo yalianza na watu wachache wenye karatasi ya ruhusa, wakajaribu, wakaandika walichoona, na serikali zikaona hakuna aliyedhurika. Leo wako waliovusha Bahari ya Atlantiki kwenye kilohezi nane kwa nguvu isiyofika wati moja. Wapo hata wasiotumia mti wala mnara, wanachimbia vyuma viwili ardhini mbali na mbali na kuifanya ardhi yenyewe kuwa antena.

Na si mambo mageni kwa asili ya redio. Kule Grimeton, Uswidi, kuna kituo cha mwaka 1925 kinachorusha kwenye kilohezi 17.2 bila valvu hata moja, zile taa za kioo za redio za zamani, kwa mashine inayozunguka tu. Gurudumu lake linakwenda mizunguko 2,115 kwa dakika na mifereji yake 488 ndiyo inayozalisha masafa. Zidisha mwenyewe, ugawe kwa sitini, utaipata 17.2. Mimi mtu wa mota nilipolisoma hilo nilifurahi kama mtoto. UNESCO imekitia kwenye urithi wa dunia tangu 2004, na mkesha wa Krismasi wanakiwasha. Mkesha huo huwa niko Mwambani tangu asubuhi. Pwani yetu nayo ilikuwa na mnara wake: Wajerumani walijenga kituo cha redio Dar es Salaam, na 8 Agosti 1914, vita vikiwa na siku nne tu, manowari ya Kiingereza Astraea ilikuja kupiga mizinga kukilenga. Walijua thamani ya mawimbi.

Kuna mama jirani kule Mwambani aliyenijia siku nilipopandisha waya. Akaniuliza, "Baba, huo waya wako hautatuvutia radi?" Nikamwambia umeuliza vizuri. Kila nikiondoka waya naufungua kwenye kipokezi na kuufunga moja kwa moja kwenye ethi, chuma cha mita mbili ardhini, na wingu likianza kujenga juu ya bahari siugusi. Kwa kurusha nimeshazungushia wavu wa kuku mita tatu kila upande, maana volti 10,000 si za kuchezewa, na hakuna atakayeingia humo ila mimi. Yule mama sasa ndiye anayewafukuza watoto wanaotafuta dafu karibu na wavu. Ng'ambo kuna watu wanaoinua antena hizi kwa tiara hadi mamia ya mita. Hilo siliombi, ndege zinatua hapa Tanga, na waya wa tiara ukikatika hujui utaangukia nani.

Ninachoomba kwa wahusika ni kibali cha majaribio cha ukurasa mmoja au miwili. Kiandikwe mahali, masafa, na kikomo cha nguvu inayotoka, hata wakisema miliwati moja nitashukuru. Kiandikwe namba ya simu ambayo wakinipigia nazima hapohapo. Kiwe cha mwaka mmoja, na mwisho wa mwaka niwaletee daftari: siku niliyorusha, saa, hali ya hewa, na nani alipokea wapi. Ada waweke ambayo mstaafu au shule ya kata inaweza kulipa. Na kisiwe cha kwangu peke yangu, maana mwalimu wa Muheza naye ameshaulizia bei ya waya wa kusukia, na yuko kijana wa Pangani anayepokea India kwa simu ya mkononi aliyoiunga kwenye antena aliyoisuka kwa waya wa simu za zamani.

Koili nimeifunika kwa kanga ili vumbi lisiingie kwenye vanishi. Masika ikipita hewa ya usiku hutulia, kelele za radi hupungua, na miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo mizuri kwa jaribio kama hili. Ruhusa ikifika kabla ya hapo, usiku wa kwanza nitaanza saa mbili kamili usiku, isha ikishaswaliwa, na saa mbili na dakika 39 mwalimu wa Muheza atakuwa amenipigia simu kuniambia kama herufi zimefika zote tano.

Fundi mstaafu,
Ngamiani, Tanga